Mwezi, Kipimo cha Mvua na Ukuta wa Baba

Nimestaafu wiki sita sasa, na bado kila siku ikifika saa tatu asubuhi mkono wangu unatafuta penseli. Hiyo ndiyo saa ya kusoma kipimo cha mvua nchi nzima, iwe Jumapili au Krismasi. Nyinyi vijana mnaobaki kituoni mliniomba niwaandikie machache kuhusu miaka yangu ya mwanzo. Nimeanza mara tano na kuchana karatasi mara tano, kwanza kwa hofu kwamba nitawachosha, kisha kwa hofu kwamba nikiwachekesha sana mtadhani kazi ilikuwa mchezo. Sasa naandika bila kuchana. Vyeo nilivyopata vimo kwenye faili, atakaye na avitafute. Mimi nitasimulia kipimo kimoja, ukuta mmoja, na swali ninaloulizwa kwenye kila harusi na kila matanga tangu watu wajue kwamba kazi yangu ni ya mambo ya angani: je, ilikuwa na maana kupeleka watu mwezini kwa gharama ile yote, huku mataifa mawili makubwa yakionyeshana ubabe?

Wanaouliza hawajui kwamba mimi nilikuwa mtu wa mvua tu. Kwa wengi, chochote kilicho juu ya paa ni kitu kimoja.

Niliripoti kazini mwaka uleule watu walipotua mwezini, wiki chache baada ya habari hizo. Nilikuwa na digrii ya fizikia na jiografia, viatu vya kuazima kwa dada yangu, na tabia ambayo sijaiacha, ya kufikiria jambo mpaka lenyewe linachoka. Nilifika geti la kituo cha hali ya hewa, hapo Dagoretti Corner, saa nzima kabla ya wakati. Nikaona aibu kuonekana nina haraka, nikazunguka mtaa mara tatu, na mwishowe nikachelewa kwa dakika nne.

Aliyenipokea ni Bwana Okelo, mpimaji mkongwe kuliko wote pale. Alikuwa mtu wa upande wa ziwa, mrefu, mkazi wa Kibera, na shule yake iliishia darasa la nane. Alikuwa akisoma vipimo tangu enzi za mkoloni. Alikitazama cheti changu mbele na nyuma kama mtu anayenunua kitambaa.

"Umesoma nini, nyathina?" Nyathina kwao ni mwanangu, na alimwita hivyo kila mtu, hata bosi.

"Fizikia na jiografia."

"Mvua umewahi kupima?"

"Kwa nadharia."

"Nadharia hailowi," akasema. "Twende."

Tulikwenda kwa miguu hadi Kawangware, kwenye kiwanja cha shule moja ambako kulikuwa na kipimo. Mnakijua: mkebe wa shaba uliochimbiwa ardhini, juu yake faneli, ndani chupa. Yanayoingia chupani unayamimina kwenye kioo chembamba chenye alama za milimita. Nikakishika kioo nikiwa nimesimama, nikakisogeza mbele ya macho.

"Piga magoti," akasema.

"Hapa? Kuna matope."

"Mvua ikinyesha, kwa kawaida kuna matope. Kiweke kioo juu ya ubao, piga magoti, jicho lako na maji yawe sawa. Maji hupanda kidogo pembeni mwa kioo. Soma chini, pale katikati."

Nilipiga magoti na sketi yangu mpya. Nikasoma. Nikasoma tena, maana nilihisi nimepumua vibaya. Nilipofika mara ya kumi na nne Bwana Okelo akakohoa.

"Nyathina, unapima mvua au unaiombea?"

Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa, barua ikaja baadaye. Alikuwa na sheria moja tu, na aliirudia hadi nikaichukia: usitie sahihi mahali ambapo hukupiga magoti. Mengine yote yalikuwa maarifa madogo madogo. Kitambaa chenye unyevu kinachofunika kipimajoto kifuliwe kwa maji ya mvua, si ya bomba, kwa sababu maji ya bomba yana chumvi. Kioo kikivunjika, barua ya kuomba kingine huchukua miezi mitatu, kwa hiyo kibebe kama yai. Mtu akikuambia mvua ilikuwa "nyingi sana," muulize amelowa mpaka wapi.

Habari za mwezini zilikuwa bado moto, na kila saa ya chai tuligombana. Mimi nilikuwa upande wa kupinga, tena kwa hasira ya mtu aliyetoka kusoma. Nilisema ni upuuzi kwa binadamu kupanda juu ya moto kwenda kuchomeka bendera penye vumbi, wakati kuna watu wanaopanga foleni ya maji na debe kichwani. Nilisema hawakwenda kwa sababu ya elimu, walikwenda ili wapinzani wao waone. Kama ni kujua mwezi ukoje, chombo kisicho na mtu kilikuwa kimeshatangulia na kupiga picha.

Bwana Okelo alichovya mkate wake kwenye chai.

"Unajua nani alileta vipimo hivi Kawangware? Mzungu. Unadhani alitupenda? Alitaka kujua kama ndege zake zitaruka na kahawa yake itaiva. Nia ya aliyenunua kipimo haiingii kwenye chupa. Mvua inayoingia ni ileile."

"Lakini kwa nini aende mtu? Si wapeleke mashine?"

"Mashine inaleta ulichoituma. Mtu anaona na kile ambacho hakutumwa."

Sikukubali. Nikampelekea hoja hiyo Baba, nikitumaini ataniunga mkono. Baba alikuwa na ploti Kawangware, aliyoirithi kwa babu yake, na nyuma ya nyumba alikuwa amejenga vyumba vya mabati vya kupangisha. Nilipewa jina la mama yake, Wambui, kwa hiyo aliniita maitu, yaani mama yangu, hata aliponigombeza.

"Maitu, usidanganyike," akaniambia mbele ya wapangaji waliokuwa wakisikiliza redio. "Hakuna mtu anayekwenda mbali hivyo kutalii. Hao wanapima ploti."

"Sasa Baba Wambui," mpangaji mmoja akauliza, "huko nako choo kitakuwa kimoja kwa vyumba kumi?"

Wakacheka mpaka redio haikusikika. Hayo ndiyo yalikuwa maoni ya Kawangware kuhusu safari ya mwezini.

Mwaka uliofuata shule ile ilihitaji kiwanja chake kujenga madarasa, na kipimo kikakosa mahali. Mimi ndiye niliyesema, "Kiletwe kwetu." Nyuma ya vyumba vya Baba kulikuwa na uwazi mzuri wenye nyasi. Baba akakubali kuwa msomaji wa kujitolea, na nikiri kwamba alikuwa msomaji hodari. Alipiga magoti kila asubuhi akiwa na koti na kofia, na mpangaji aliyethubutu kuanika shuka karibu na kipimo alijuta.

Sasa niwaeleze jambo ambalo halikuwa kwenye mwongozo wowote. Bwana Okelo aliishi Mashimoni, sehemu ya Kibera ambako nyumba zimeshikana mpaka ukingoni mwa mto. Kwa miaka mingi alikuwa akilinganisha daftari za vipimo na siku ambazo maji yaliingia nyumbani kwake. Maji ya Kawangware yenyewe yanaelekea kwingine, hilo nalijua, msiniandikie barua. Lakini wingu linalomwaga Kawangware mara nyingi huwa limemwaga Dagoretti pia, na maji ya Dagoretti ndiyo yanayopita nyuma ya Mashimoni baada ya saa moja au mbili. Aligundua kwamba Kawangware ikizidi milimita ishirini kwa mvua moja, Mashimoni watalowa.

Basi akapanga mambo. Mvua kubwa ikinyesha nusu saa, Baba hutoka na kusoma kipimo. Ikizidi ishirini, huenda dukani kupiga simu kituoni. Kituo hupiga simu duka moja la Ayany, mtaa ulio juu ya Mashimoni, kwa sababu bondeni hakukuwa na simu. Mwenye duka humtuma mtu kushuka hadi kwa Mama Akoth. Huyu Mama Akoth alikuwa na kioski cha maji Mashimoni na sauti isiyohitaji simu. Yeye huchukua karai na mwiko, akaligonga kutoka mlango hadi mlango, na watu hubeba watoto, magodoro na unga wao hadi juu. Miaka saba, minane, ilifanya kazi hivyo. Hakuna mkubwa aliyejua.

Mwishoni mwa miaka ya sabini tukaletewa mashine ya kupokea picha za setilaiti. Ilikuwa zawadi ya moja kati ya mataifa yale mawili. Bamba lenye bendera yao lilikuwa kubwa kuliko swichi zote za mashine zikiwekwa pamoja, na wiki mbili hazijaisha, watu wa ubalozi wa taifa la pili wakapiga simu kuuliza kwa upole kama hatukuhitaji nyingine. Lakini niseme kweli. Siku ya kwanza karatasi ilipoanza kutoka, mstari kwa mstari, ikinuka dawa, na ziwa lote likajichora mbele yangu, machozi yalinitoka.

"Kwetu ni wapi hapo?" Bwana Okelo akauliza.

"Hapa. Chini ya hili wingu jeupe."

"Basi mama yangu anaanua nguo saa hii," akasema, akaitazama picha ile kwa muda mrefu.

Bosi wetu alikuwa mtu wa haki lakini mpenda mambo mapya. Aliniita ofisini na kusema kwamba vipimo vya kujitolea vimepitwa na wakati. Picha inaona nchi yote kwa mara moja, ya nini kuendelea kuhangaika na wazee na chupa zao? "Wewe ndiye msomi hapa. Niandikie ripoti ya kupendekeza vifungwe. Mwisho wa mwezi."

Nilianza kuandika ripoti, lakini ya kupinga. Nilijua kipimo cha Kawangware kikifungwa, karai la Mama Akoth limenyamaza. Nilikuwa nimefika ukurasa wa nne Alhamisi moja alasiri, mvua ikanyesha. Baba akapiga simu.

"Sita nukta mbili."

Niliandika sita nukta mbili. Nilifurahi hata, kwa jinsi tarakimu zilivyokaa vizuri. Ni chini ya ishirini, kwa hiyo sikupiga simu Ayany.

Maji yaliingia Mashimoni saa kumi na nusu. Hakuna aliyekufa, naandika hilo mapema ili msisome kwa hofu kama ninavyosoma mimi. Lakini nyumba zilijaa hadi kifuani, kioski cha Mama Akoth kiling'olewa ukuta, na bibi kizee mmoja asiyeweza kutembea alitolewa akiwa amelazwa juu ya mlango, watu wanne wakiubeba begani.

Asubuhi yake Mama Akoth alikuja kituoni, matope yamemkauka miguuni.

"Nyinyi watu wa mvua, mko aje? Mlilala vizuri?"

"Mama Akoth, kipimo kilisema—"

"Kipimo kilisema! Mimi nilikaa na karai langu nikisubiri mtu wa Ayany. Watu wananiambia, mama, tuhame? Nawaambia, bado, Okelo hajatuma neno. Nawaambia bado, unasikia, nyar Kawangware, binti wa Kawangware? Mpaka maji yakanifika hapa." Akajigusa kiunoni. "Mlinifanya mwongo."

Bwana Okelo mwenyewe alikuwa amevaa shati la kuazima. Nguo zake zilikuwa mtoni.

Bosi aliposikia, alikuja na picha ya siku ile. "Mmeona? Kipimo chenu kimelala. Mashine iliona." Kweli iliona. Iliona wingu lililofunika kutoka ziwani hadi karibu na pwani.

Sasa nifike pale ambapo karatasi zile tano zilichanika. Mnajua kwamba kila miezi mitatu mkaguzi huenda kwenye kila kipimo, hupima umbali wa miti na kuta, kisha hujaza fomu na kutia sahihi. Mkaguzi wa Kawangware nilikuwa mimi. Vipimo vingine vyote nilivikagua mara mbilimbili, na kurudi tena nikiwa njiani kwenda nyumbani kwa wasiwasi. Hiki cha Baba nilikikagua mezani. Mara tatu mfululizo niliandika "mahali pazuri, hakuna kizuizi." Nyumbani nilikwenda kila mwezi, nikanywa chai sebuleni, sikuzunguka nyuma. Mtu kama mimi huogopa asichokijua. Pale palikuwa kwetu, kwa hiyo sikuogopa.

Jumamosi nilikwenda na Bwana Okelo, tukazunguka nyuma. Upande wa mashariki, hatua moja tu kutoka kwenye kipimo, ulisimama ukuta mpya wa mawe, mrefu kunishinda karibu mara mbili.

"Baba, hii ni nini?"

"Vyumba, maitu. Vinne, vya mawe. Hujawahi kuona vyumba?"

"Na kipimo?"

"Sikukigusa! Kiko palepale. Nimeacha nafasi, hata ng'ombe angepita."

"Baba Wambui," Bwana Okelo akasema taratibu, "mvua si ng'ombe. Mvua ya masika inakuja kwa upande, na upepo wa mashariki. Ukuta wako umeikinga."

Baba akautazama ukuta, akakitazama kipimo. Alikuwa amepiga magoti pale kila siku na kusoma kwa uaminifu kile kilichomo. Hakuna aliyemwambia kwamba kilichomo kilikuwa nusu ya nusu. Wa kumwambia nilikuwa mimi.

Tulipotoka, Bwana Okelo alinishika mkono. Mwalimu wangu, mtu wa sheria moja.

"Nyathina, tusiandike hili. Tukihamishe kipimo kimyakimya. Wewe andika kwamba mvua ya Alhamisi ilikuwa ya ajabu, ilikwepa Kawangware. Ukiandika ukweli, bosi amepata alichokitaka. Atafunga vyote. Mashimoni wataambiwa na nani?"

Nilifikiri siku tatu. Nilipanga sababu kumi za kuficha na kumi za kusema, nikazihesabu, zikatoka sare, nikazipanga upya. Kilichoniamua ni sentensi yangu mwenyewe, ukurasa wa pili wa ripoti: "Mashine haiwezi kushika nafasi ya mtu aliyefika mahali na kuona." Niliisoma nikaona aibu. Mashine ile haikuwahi kusema imefika mahali ambapo haikufika. Mimi nilisema hivyo mara tatu, kwa wino. Kama hoja yetu ilikuwa kwamba lazima mtu aende, basi hoja hiyo inakufa siku mtu anapotia sahihi bila kwenda, na inakufa mara ya pili akificha.

"Nitaandika yote," nikamwambia Bwana Okelo. "Ukuta, sahihi zangu tatu, na ile simu ya Ayany."

"Watakufukuza."

"Labda."

"Hiyo simu ya Ayany ni yangu. Hukuipanga wewe."

"Basi nawe tia sahihi."

Bwana Okelo akachukua penseli, akaichonga upya kwa wembe, akatia sahihi chini ya yangu.

Bosi aliisoma ripoti sisi tukiwa tumesimama. "Unajua umejichimbia kaburi?"

"Najua, bwana."

"Unaomba vipimo vibaki, halafu unanithibitishia kwamba vinadanganya."

"Nilidanganya mimi, bwana. Kipimo kilipima kivuli cha ukuta, na kilipima sawasawa. Picha isingeuona ukuta ule, na mimi ningeuona kama ningezunguka nyuma ya nyumba. Naomba vipimo vibaki, na watu waende kweli."

"Na huyu Mama Akoth ni nani? Ni mfanyakazi wetu?"

"Hapana. Yuko nje."

Aliingia bila kuambiwa mara mbili. Akaikuta picha mezani, akaigeuzageuza.

"Ndiyo hii iliyoniona?"

"Ndiyo, mama," bosi akasema kwa heshima. "Imepigwa kutoka angani."

"Mashimoni ni wapi?"

Bosi akaweka kidole. Mama Akoth akainama, akakitazama kidole kile.

"Bwana mkubwa, kidole chako kimefunika mpaka Thika."

Bwana Okelo aligeukia dirishani. Mabega yalimtikisika.

"Mimi sijasoma," Mama Akoth akaendelea. "Lakini nilisikia kwenye redio kuna watu walitoka kwao wakafika mwezini, wakatembea kule, wakarudi. Nikasema, hao ni wanaume. Wewe, kutoka hapa mpaka Mashimoni ni mwendo wa mguu, hata saa mbili hazifiki. Umeshafika?"

Bosi alivua miwani, akaivaa tena. Alasiri ile alishuka Mashimoni na viatu vyake vya ofisi, nasi nyuma yake. Akaona alama ya matope ukutani, akaona vijia visivyoweza kupitisha kitanda. Jumatatu uamuzi ukatoka: vipimo vya mabonde mawili, la Dagoretti na la Kawangware, vibaki, vingine vifungwe. Cha Kawangware kipewe wiki mbili za kurekebishwa, la sivyo nacho kifungwe. Simu ya Ayany iandikwe kwenye mwongozo wa zamu. Na mimi nipewe barua ya onyo kali, ambayo mpaka leo imo kwenye faili, mkitaka kuisoma.

Wiki mbili. Tulitafuta mahali pengine Kawangware. Tulikwenda mpaka Congo, mtaa wa hukohuko Kawangware, tukakuta kila paa limeegemea jingine. Hakuna uwazi wa kutosha hata kuku. Kulibaki njia moja, na Baba aliijua kabla sijafungua mdomo.

"Nibomoe nyumba kwa ajili ya chupa?"

"Si kwa ajili ya chupa, Baba."

"Nimejenga kwenye ardhi yangu. Hao watu wa mtoni aliwaambia nani wajenge mtoni?"

Nilikuwa na majibu mengi. Usiku wa kuamkia siku ile nilikuwa nimeyaandika. Niliyaacha mfukoni. "Twende ukaone," nikamwambia. "Ukirudi useme hapana, nitanyamaza."

Baba alikuwa ameishi Nairobi maisha yake yote na hajawahi kushuka Mashimoni. Mama Akoth alitupokea, akamwonyesha kila mlango, bila kumlaumu. Mlango mmoja ulikuwa na rangi tofauti, umefungiwa bawaba mpya. "Huu ndio tuliombebea bibi," akasema. Bibi mwenyewe alikuwa ameketi ndani, akamsalimia Baba kwa Kijaluo, Baba akaitikia kwa Kikuyu, wakaelewana. Jumamosi alfajiri Baba aliamka, akavaa koti na kofia yake, akachukua nyundo kubwa, akaanza kuvunja chumba cha kwanza kwa mkono wake. Kufikia jioni vyumba viwili vya mawe, vile vilivyokikinga kipimo, vilikuwa chini na wapangaji walikuwa wakibeba vifusi. Nami nilipiga magoti, nikapima umbali kwa kamba, nikatia sahihi.

Sasa lile swali la harusini. Nimelifikiria kwa miaka, kwa hiyo jibu ni refu, lakini nitalikata. Waliolipia safari ya mwezini walilipia ubabe, hilo sijabadili. Gharama ile ilikuwa kubwa kupita kiasi, na anayesema fedha hizo zisingeweza kufanya lingine hajawahi kununua maji kwa debe. Lakini siwezi tena kusema kwamba haikufaa mtu kwenda. Picha za setilaiti zilitokana na mashindano yaleyale, na zimeokoa watu wengi, tusijifanye hatuoni. Na kuna vitu ambavyo havijulikani mpaka mtu mwenye miguu afike na ashangae. Mimi ningewapeleka, lakini kwa sharti: anayetaka kulipia safari ya mwezini kwanza aonyeshe kwamba amefika mahali pote panapofikika kwa mguu. Najua sharti hilo lingechelewesha safari sana. Na lichelewe.

Siku tisa baada ya ukuta kuanguka, alasiri, anga la mashariki likawa jeusi. Mvua ikapiga Kawangware nusu saa. Simu ikalia.

"Thelathini na moja nukta nne," Baba akasema, akihema.

"Rudia kusoma, Baba."

"Nimesharudia, maitu. Piga hiyo simu!"

Nikapiga Ayany. Kisha nikakaa, kwa sababu hakuna kingine cha kufanya, na kwa mtu kama mimi hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Sikuweza kusikia karai kutoka pale. Nilijua tu kwamba mtu alikuwa anashuka mbio kwenye kijia kinachoteleza, na maji nayo yalikuwa yanashuka.

Asubuhi yake nilikwenda Mashimoni mapema. Nilimkuta Mama Akoth akisukuma tope nje ya kioski kwa fagio la mianzi, sauti imemkauka kabisa. Nikamuuliza ilikuwaje.

"Yalikuja," akanong'ona. "Yakaingia kila nyumba, yakakuta vitanda vitupu, yakaenda zake kama mgeni aliyekosa mwenyeji."